Chakula cha Mchana Chini ya Mlima wa Vigae

Sogeeni karibu, wanangu, nanyi wa nyuma mniambie kama sauti inafika. Leo tunakwenda kula chakula cha mchana Roma, mji mkuu wa Italia. Hatuendi kwenye hoteli ya fahari yenye mazulia, wala kwenye vile viwanja vya watalii ambako picha za vyakula zimebandikwa mlangoni ili mgeni aonyeshe kwa kidole. Tunakwenda uswahilini kwao, kwenye mgahawa mdogo ambako fundi bomba, mwalimu na muuza viatu hukaa kwenye meza zinazokaribia kugusana, na mwenye mgahawa anawajua kwa majina. Mgahawa wa namna hiyo Wataliano huuita tratoria. Mtaa wenyewe ni Testaccio, tamkeni Testacho, na katika mitaa yote ya Roma nimeuchagua huu kwa sababu hapa ndipo maskini walipowafundisha matajiri kula.

Ni saa sita mchana. Jikoni wataanza kupakua saa sita na nusu hivi, kwa hiyo tuna muda kidogo wa kuzunguka kabla ya kuketi.

Oneni kile kilima chenye nyasi na miti, katikati ya nyumba. Kina kimo cha mita zipatazo 35, na ukikizunguka kwa miguu utatembea karibu kilomita nzima. Sasa chimbueni udongo kidogo kwa ncha ya kiatu. Mnaona nini? Vigae. Chimbueni tena: vigae. Kilima chote, kutoka juu hadi chini, ni mitungi iliyovunjwa.

Ilikuwaje? Miaka karibu 2,000 iliyopita Roma ilikuwa na watu wengi mno, na watu hao walitaka mafuta ya zeituni kila siku: ya kupikia, ya taa, ya kujipaka mwilini wanapokwenda kuoga. Mafuta mengi yalitoka kusini mwa Hispania, mengine Afrika Kaskazini, upande ambao leo ni Libya na Tunisia. Yalikuja kwa meli ndani ya mitungi ya udongo. Mtungi mmoja wa Hispania ulichukua lita 70 hivi za mafuta, na ukiwa mtupu tu ulikuwa na uzito wa kilo 30. Fikirieni mpagazi anayeubeba ukiwa umejaa! Mizigo ilipandishwa kwa mto Tiber mpaka bandari iliyokuwa hapa hapa mtaani.

Mafuta yakishamiminwa ghalani, mtungi haukuwa na kazi tena. Udongo wake ulikwisha kunywa mafuta, mafuta yakachacha, na chochote ungetia humo kingeharibika. Basi wakauvunja, wakapanga vigae safu kwa safu, wakanyunyiza chokaa ili harufu isiwafukuze majirani. Wakafanya hivyo kwa zaidi ya miaka 200. Wataalamu hukadiria kwamba humo mna mitungi zaidi ya milioni 50. Katika karne ya 19 mtaalamu aitwaye Heinrich Dressel alianza kusoma maandishi ya wino yaliyobaki kwenye vigae, akakuta uzito wa mafuta na majina ya wafanyabiashara. Risiti, wanangu. Mlima mzima wa risiti za mafuta ya kupikia.

Vigae havishikamani sawasawa, hewa hupita katikati yake, na kwa hiyo ndani ya mlima kuna ubaridi hata jua la Agosti linapochoma. Wenyeji walipoligundua hilo wakachimba mapango, wakahifadhi divai. Penye divai wakaja wanywaji, na penye wanywaji wakaja wapishi. Mpaka leo iko migahawa iliyochimbwa ubavuni mwa mlima, na katika baadhi yake ukuta wa nyuma ni kioo. Unakula huku unatazama vigae.

Zamani, katika vibanda vya divai vya Roma, mteja aliruhusiwa kuja na chakula chake kwenye kifurushi cha kitambaa. Mke amepika nyumbani, watoto wamebeba mkate, na pale kibandani unanunua divai tu na nafasi ya kukaa. Naupenda sana utaratibu huo, maana mwenye pesa kidogo naye alikuwa na meza ya kukaa na jamaa zake nje ya nyumba.

Sasa geukeni mtazame ng'ambo ya barabara. Lile lango kubwa, lenye sanamu ya kiumbe mwenye mabawa anayemwangusha fahali, ni la machinjio ya zamani ya Roma. Mji ulipofanywa makao makuu ya Italia mwaka 1871, watu walimiminika, na serikali ya mji ikahitaji nyumba za wafanyakazi na mahali pakubwa pa kuchinjia. Mchoro ulitolewa na Gioacchino Ersoch, na machinjio yakajengwa kati ya 1888 na 1891. Mamia ya wanaume wa Testaccio waliamka gizani, wakaingia lango hilo, wakachinja, wakachuna, wakabeba.

Hapo ndipo penye kiini cha hadithi yetu. Ng'ombe aliyechinjwa hukatwa robo nne, mbili za mbele na mbili za nyuma. Waroma husimulia kwamba robo ya kwanza ilikuwa ya mabwana wakubwa, ya pili ya makasisi, ya tatu ya wafanyabiashara, ya nne ya askari. Je, yule aliyesimama kwenye damu tangu alfajiri alibakiwa na nini? Alibakiwa na kichwa, ulimi, ubongo, moyo, mapafu, figo, wengu, matumbo, miguu na mkia. Vitu hivyo Waroma waliviita robo ya tano. Najua, mwalimu wenu wa hesabu atasema hakuna robo ya tano. Hapa Testaccio ilikuwapo, na wachunaji walipewa hiyo kuwa sehemu ya ujira wao.

Walioishi karibu na machinjio ya Vingunguti, kule Dar es Salaam, wameshaelewa. Supu ya utumbo na makongoro inayochemka asubuhi kandokando ya machinjio ni ndugu wa chakula tunachokwenda kula. Hali ileile, akili ileile ya jikoni: kitu kigumu, chenye harufu, kinachohitaji kusafishwa sana na kupikwa muda mrefu, kikiangukia mikononi mwa mpishi hodari kinageuka kitoweo.

Haya, njaa imeuma. Tuingie.

Meza imetandikwa karatasi. Viti vya mbao, vingine vinalia ukikaa. Mhudumu anakuja na kikapu cha mkate na kuuliza maji ya kawaida au ya gesi. Mkate huo haukuagizwa na mtu, lakini utauona kwenye hesabu, euro moja au mbili hivi; ndiyo desturi, msishtuke. Orodha ya vyakula ni fupi, na katika tratoria nzuri huandikwa kwa mkono kwa sababu hubadilika kulingana na siku. Ukikuta kitabu cha kurasa kumi chenye kila kitu kuanzia piza hadi kamba wa baharini, geuka uondoke. Jiko dogo haliwezi kupika vyote hivyo kwa vitu vilivyonunuliwa siku hiyo.

Sisi tumezoea sinia moja: wali, maharage, mchicha, nyama na mchuzi vyote vimekutana. Kwao vitu huja kwa zamu. Kwanza sahani ya pasta peke yake, isiyo na nyama pembeni. Ikiisha, sahani inaondolewa. Ndipo inakuja ya pili, nyama au samaki, na mboga huagizwa peke yake. Mgeni asiyejua hukaa akisubiri kitoweo cha pasta yake mpaka pasta inapoa. Anayekula mchana na kurudi kazini huagiza sahani moja tu, na hakuna atakayemkunjia uso.

Pasta tutaizungumzia kwa kituo, kwa sababu ina habari inayotuhusu sisi wenyewe. Watu wengi husema Marco Polo ndiye aliyeileta Italia kutoka China. Si kweli. Mwaka 1154, miaka 100 kabla Marco Polo hajazaliwa, mwanajiografia Mwarabu aitwaye al-Idrisi alimaliza kitabu kikubwa alichomwandikia mfalme Roger wa Pili wa Sicily, kisiwa kilicho kusini mwa Italia. Ndani ya kitabu hicho aliandika kuhusu kijiji cha Trabia, karibu na Palermo, chenye vinu vya maji, ambako watu walitengeneza tambi kwa wingi na kuzipakia melini kupeleka nchi za Waislamu na za Wakristo. Tambi zilizokaushwa zilivumilia safari ya bahari bila kuoza. Katika kitabu hichohicho al-Idrisi aliandika pia juu ya pwani yetu, akataja Malindi na Mombasa na machimbo ya chuma yaliyokuwa huko. Kalamu moja, mwaka mmoja, tambi za Sicily na chuma cha Malindi. Kila nikilikumbuka jambo hilo nafurahi upya.

Pasta iliyokaushwa hutengenezwa kwa ngano ngumu, na tangu 1967 sheria ya Italia haikubali pasta kavu ya nchini mwao itengenezwe kwa ngano nyingine. Unga wake una rangi ya manjano kidogo na hauvurugiki majini. Wapishi wa nyumbani hufuata kipimo rahisi: gramu 100 za pasta, lita moja ya maji, gramu 10 za chumvi. Huiepua ikiwa bado ina ugumu kidogo katikati, jino likutane na kitu. Kwetu tambi zikipikwa kwa sukari na nazi hulainika mpaka zimeyeyuka, na hivyo ndivyo tunavyozipenda. Mroma akipewa pasta laini namna hiyo atairudisha jikoni.

Tuagize cacio e pepe. Ina vitu vitatu tu: pasta, jibini la maziwa ya kondoo na pilipili manga. Hakuna siagi wala krimu. Siri iko kwenye maji yaliyochemshia pasta. Maji hayo yamebeba wanga, na mpishi akiyachanganya kidogo kidogo na jibini lililokunwa, wanga hushika mafuta ya jibini yasijitenge, ukapatikana mchuzi mzito wa kung'aa. Moto ukizidi, jibini hugandana likawa madonge. Ndiyo maana chakula chenye vitu vitatu kinampima mpishi kuliko chenye ishirini. Ile pilipili manga nayo ilianza kuingia Roma zamani za mitungi ile ya mafuta, ikitoka India kwa meli zilizosukumwa na pepo zilezile tunazoziita kaskazi na kusi.

Wanangu Waislamu, nanyi nyote msiokula nguruwe, hapa sikilizeni vizuri. Pasta nyingine tatu maarufu za Roma, yaani carbonara, amatriciana na gricia, hupikwa kwa nyama ya shavu la nguruwe. Hata vitoweo vya nyama ya ng'ombe mara nyingi hutiwa divai, na vingine mafuta ya nguruwe. Ulizeni bila haya. Mhudumu wa tratoria amezoea kuulizwa, na mpishi hujua kila kilichoingia kwenye sufuria yake. Kuna samaki, kuna mboga, na kuna artichoki za Kiyahudi, ua la mboga linalokaangwa kwenye mafuta mengi mpaka majani yanafunguka na kukauka. Wayahudi wameishi Roma kwa zaidi ya miaka 2,000. Mwaka 1555 Papa Paulo wa Nne aliwafungia katika mtaa wenye kuta na malango, nao wakaendelea kupika kwa kilichowafikia. Leo artichoki zao huagizwa na Roma nzima.

Sahani ya pili sasa. Leo ni Jumamosi, na Jumamosi Roma ni siku ya utumbo. Alhamisi huwa ni gnocchi, vidonge vya viazi vilivyopondwa na unga, vya kushibisha, kwa kuwa Ijumaa Wakatoliki hawakula nyama. Ijumaa ni samaki. Jumamosi wachinjaji walikuwa wakiandaa nyama ya Jumapili ya wenye nazo, na matumbo yakabaki kwa wingi. Husafishwa, huchemshwa, hukatwa vipande virefu, kisha hupikwa na nyanya, na kabla ya kupakuliwa hutiwa majani ya nanaa pori na jibini la kondoo. Nanaa ndiyo inayofanya kazi: inakata uzito wa mafuta na kuacha kinywa chepesi.

Lakini kitoweo kilichoupatia mtaa huu sifa ni mkia, coda alla vaccinara, wenye jina la watu waliokuwa wakichuna ng'ombe. Mkia una mifupa mingi, nyama kidogo, na nyuzi ngumu zinazounganisha vyote. Mwenye haraka atauchoma na kutafuna mpira. Mpishi wa Testaccio huukata pingili pingili, huukaanga hadi uwe wa kahawia, hutia kitunguu, karoti na divai, halafu nyanya, na kuuacha kwenye moto mdogo saa tatu, nne, hata tano. Muda huo zile nyuzi ngumu huyeyuka na kuwa utomvu unaonata mdomoni, na mchuzi hujifunga wenyewe bila unga. Mwishoni huongezwa mabua mengi ya selari, na wapishi wengine hutia zabibu kavu, mbegu za msonobari na kakao kidogo. Huliwa kwa uma mpaka uma unaposhindwa, kisha kwa mikono, na hakuna anayekutazama vibaya.

Kuna kitoweo kingine ambacho wageni hukikimbia: rigatoni con la pajata. Ni utumbo mwembamba wa ndama ambaye bado ananyonya, unaopikwa na maziwa yakiwa ndani, nayo kwa joto hugeuka kuwa jibini laini. Mwaka 2001, kwa hofu ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, utumbo wa ng'ombe ulipigwa marufuku kuliwa. Wapishi wakatumia wa mwanakondoo, wazee wakanung'unika kwamba ladha si ile. Mwaka 2015 Umoja wa Ulaya ukaondoa zuio hilo, na chakula cha wachunaji kikarudi mezani kihalali.

Mkimaliza, msiache mchuzi. Chukueni kipande cha mkate, pangusieni sahani mpaka ing'ae. Kwenye karamu kubwa watu huona haya kufanya hivyo. Kwenye tratoria ni heshima kwa mpishi, na mimi naona ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Tambi ndefu, kwa upande mwingine, msizikate kwa kisu. Zungusheni uma taratibu, nyuzi chache tu kwa wakati.

Kahawa huja mwisho, nyeusi, kikombe kidogo cha mafunda mawili. Kahawa ya maziwa ni ya asubuhi. Baada ya mkia wa ng'ombe tumbo halina nafasi ya maziwa. Hesabu hailetwi mpaka muiombe, kwa kuwa kumletea mtu hesabu bila kuombwa ni kumfukuza.

Machinjio yalifungwa mwaka 1975. Ndani ya majengo yale leo kuna kumbi za sanaa na sehemu ya chuo kikuu, na vijana wanajifunza usanifu wa majengo chini ya reli za chuma ambako nyama ilikuwa ikining'inizwa. Wajukuu wa wachunaji wengi wamehamia mitaa ya mbali, kwa sababu kodi ya nyumba Testaccio imepanda. Mgahawa wa Checchino, uliofunguliwa mwaka 1887, hata kabla machinjio yaliyo mbele yake hayajaanza kujengwa, bado unapika mkia, na watu wanasafiri kutoka nchi za mbali kuja kulipia kile ambacho mchunaji alipewa kwa kuwa hakuna mwingine aliyekitaka.

Basi ombi langu kwenu ni hili. Karibu na nyumbani kwenu yupo mama lishe au mzee wa supu anayejua kuosha utumbo ukatakata, anayejua makongoro yakae jikoni saa ngapi na kiungo gani kiingie lini. Mwendeeni wiki hii, asubuhi kabla wateja hawajawa wengi. Mwamkieni, mwombeni awaelekeze, na muandike kila anachosema kwenye daftari, pamoja na jina lake na jina la mtaa.